Kabaka Aliyeondolewa Mara Mbili

Kila mwaka tarehe 9 Oktoba inapokaribia, wanajumuiya wetu huanza kupigiana simu: nani atapika pilau, nani ataleta matoke, nani atawasimamia watoto wakiimba. Sisi ni mchanganyiko wa watu wa Kampala na Jinja, Mombasa na Kisumu, Bukoba na Unguja, na kilichotukusanya huku Uingereza ni Kiswahili. Ndiyo maana Uhuru wa Uganda tunausherehekea sote, kama vile Desemba tunavyosherehekea wa Tanganyika na wa Kenya.

Katika gazeti hili la kumbukumbu tumeona vyema tuwaeleze vijana wetu habari za mtu aliyekuwa Rais wa kwanza wa Uganda, na ambaye alifariki katika mji huu wa London tunamoishi wengi wetu. Nyumba aliyofia iko Rotherhithe, upande wa kusini wa Mto Thames. Wapo miongoni mwetu wanaopita karibu na hapo kila asubuhi wakienda kazini, na hawajui. Mtu huyo ni Kabaka Mutesa wa Pili wa Buganda. Aliondolewa kwenye kiti chake mara mbili, mara ya kwanza na Waingereza, mara ya pili na serikali ya nchi yake mwenyewe. Mara ya kwanza kulikuwa na mahakama ya kukimbilia. Mara ya pili bunduki zilitangulia. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka watoto wetu waielewe.

Mtoto wa mfalme

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1924 mjini Kampala. Baba yake alikuwa Kabaka Daudi Chwa wa Pili, na mama yake Irene Drusilla Namaganda. Tukisema kweli yote, baba huyo hakuwa rafiki wa lugha yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Waingereza walipotaka Kiswahili kitumike Uganda, Daudi Chwa alikipinga waziwazi, akihofia kwamba Kiganda na heshima ya Buganda vingemezwa. Leo tunasimulia maisha ya mwanawe kwa Kiswahili hichohicho. Dunia ina mambo.

Daudi Chwa alifariki Novemba 1939, na Mutesa akarithi kiti akiwa na miaka 15 tu. Wasimamizi walishika madaraka kwa niaba yake mpaka alipotawazwa rasmi mwaka 1942, siku aliyotimiza miaka 18. Alisoma King's College Budo, kisha Makerere, kisha akavuka bahari kuja Cambridge. Akiwa huku alipata cheo cha ofisa katika kikosi cha Grenadier Guards. Magazeti ya Uingereza yalimzoea, yakawa yanamwita King Freddie.

Wengi hudhani kwamba Kabaka huyu alipendwa na watu wote tangu siku ya kwanza. Sivyo. Mwaka 1945 na tena mwaka 1949 kulitokea ghasia kubwa Buganda. Wakulima wa pamba walilalamikia bei na wachuuzi, na wananchi walitaka wawachague machifu wao wenyewe. Walimwona Kabaka wao kijana kama mtu aliyekaa karibu mno na wazungu. Kilichomgeuza akawa kipenzi cha watu ni kuondolewa kwake.

Ndege ya Entebbe

Mwaka 1952 Uganda ilipata Gavana mpya, Sir Andrew Cohen. Hakuwa mkoloni wa kutukana watu. Alitaka mabadiliko, Waafrika wengi zaidi katika Baraza la Kutunga Sheria, na Uganda moja yenye serikali moja. Lakini tarehe 30 Juni 1953 Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, alihutubia karamu mjini London, akagusia kwamba huenda siku moja Afrika Mashariki ikawa shirikisho. Maneno hayo yalifika Kampala kama moto wa nyikani.

Ili tuelewe hofu ile, tukumbuke wakati wenyewe. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952, na mashamba mazuri ya nyanda za juu yalikuwa mikononi mwa walowezi. Mwaka huohuo wa 1953 Rhodesia mbili na Nyasaland zilifungwa katika shirikisho ambalo Waafrika wa huko hawakulitaka. Waganda waliona kwamba shirikisho maana yake ni kutawaliwa na walowezi kutoka Nairobi. Mutesa akadai mambo ya Buganda yahamishwe kutoka Wizara ya Makoloni kwenda Wizara ya Mambo ya Nje, na Buganda ipewe ratiba ya uhuru wake. Gavana alimtaka aahidi kushirikiana na serikali, naye akakataa.

Tarehe 30 Novemba 1953 Cohen alimwita ofisini Entebbe. Alimpa karatasi ya kuondoa utambuzi wa Uingereza kwake kama mtawala wa Buganda. Kutoka hapo Kabaka alipelekwa moja kwa moja kwenye ndege, akasafirishwa hadi London bila hata kurudi nyumbani kuaga. Hali ya hatari ikatangazwa Buganda. Dada yake, Nalinnya Alice Zalwango, alianguka alipopata habari hiyo, akafariki. Wanaume wengi waliacha kunyoa ndevu kwa huzuni, na wapo waliovaa nguo za magome ya mti kama walivyovaa wazee wao wakati wa msiba.

Kesi iliyomrudisha

Hapa ndipo kisa hiki kinapopita hadithi za kawaida za wafalme. Waganda wangeweza kuchoma moto maduka na ofisi. Badala yake, wakuu wa Lukiiko, yaani baraza la Buganda, walitafuta mawakili, na kesi ikafunguliwa katika Mahakama Kuu ya Uganda. Wanasheria huijua hadi leo kwa majina ya wenye kesi, Mukwaba na Mukubira.

Swali lenyewe lilikuwa jembamba, karibu la kusoma herufi. Mwaka 1900 Uingereza na Buganda zilitiliana saini mkataba. Kifungu cha 6 cha mkataba ule kilisema Uingereza itamtambua Kabaka maadamu yeye, machifu na watu wake wanafuata sheria na kushirikiana kwa uaminifu. Kifungu cha 20 kilikuwa kizito zaidi: ikiwa Buganda itafuata siasa ya uasi ulio wazi, Uingereza haitafungwa tena na mkataba wote. Gavana alitumia Kifungu cha 6. Je, kifungu hicho kilimpa nguvu ya kumwondoa Kabaka?

Novemba 1954 Jaji Mkuu, naye aliyeteuliwa na serikali ileile, alitoa uamuzi kwamba Kifungu cha 6 kilitumika kimakosa. Hebu tufikiri uzito wa jambo hilo. Jaji wa kikoloni aliiambia serikali iliyomwajiri kwamba haikufuata mkataba iliouandika yenyewe.

Mahakama haikuwa na ndege ya kumrudisha Kabaka. Wala haikuamuru arudishwe. Serikali ingeweza kusema kwamba basi inatumia Kifungu cha 20, na mchezo ukaisha. Wenye nguvu huwa hawakosi kichaka cha pili cha kujifichia. Lakini kabla mwezi huo wa Novemba haujaisha, Uingereza ilibadili msimamo wake, ikatangaza kwamba Lukiiko likikubali mabadiliko ya katiba, Kabaka anaweza kurudi. Mabadiliko hayo yalikuwa yamejadiliwa kwa miezi kadhaa Namirembe, katika mkutano ulioongozwa na mwanachuoni Keith Hancock. Tarehe 17 Oktoba 1955 Mutesa alitua Entebbe, na barabara yote hadi Mengo ilijaa watu wa kumlaki. Kesho yake mkataba mpya ukatiwa saini.

Kudharau mahakama ni nini

Tusimame kidogo hapa kwa ajili ya vijana. Watoto wetu wengi wakisikia kwamba mtu fulani ameadhibiwa kwa kudharau mahakama, hufikiri labda hakusimama jaji alipoingia, au alimjibu jeuri. Hilo nalo limo, lakini ni dogo. Kudharau mahakama hasa ni kupewa amri na jaji ukaacha kuitii, au kuizuia mahakama isifanye kazi yake, au kuwatisha walioikimbilia.

Kwa nini sheria inalichukulia kosa hili kwa uzito mkubwa? Kwa sababu mahakama haina jeshi. Haina hazina ya fedha. Jaji ana karatasi na kalamu, na polisi wanaotekeleza amri yake wanalipwa na serikali. Nguvu yake yote iko katika mazoea ya watu kutii anachokiandika, na wa kwanza kutii anapaswa kuwa yule anayeweza kukataa bila kuadhibiwa. Mkulima akipuuza amri ya jaji, atafuatwa na askari. Serikali ikipuuza, nani ataifuata?

Ugomvi wa kumwondoa mtawala wa jadi ndipo jambo hili linapopimwa vikali. Chifu ana watu wanaompenda, anayetaka kumwondoa ana dola mkononi, na kila upande unaamini kwamba haki yake ni kubwa kuliko karatasi ya jaji. Waingereza wa 1954, pamoja na makosa yao yote, hawakuikanyaga karatasi ile. Waganda nao waliisubiri mwaka mzima huku ndevu zikiota. Kwa hiyo Kabaka alirudi bila tone la damu.

Rais asiye na serikali

Uhuru ulikuja tarehe 9 Oktoba 1962. Milton Obote, kiongozi wa chama cha UPC, alikuwa Waziri Mkuu, akisaidiwa na chama cha wafuasi wa Kabaka, Kabaka Yekka. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Oktoba 1963, Mutesa aliapishwa kuwa Rais. Cheo kilikuwa cha heshima tu, kwani utawala ulikuwa kwa Waziri Mkuu. Mtu mmoja akawa amevaa kofia mbili: Rais wa Waganda na wasio Waganda, na wakati huohuo Kabaka wa Buganda peke yake.

Kofia hizo ziligongana mwaka 1964. Tangu miaka ya 1890 Waingereza walikuwa wamezimega ardhi za Bunyoro na kuipa Buganda. Katiba ya uhuru iliagiza wakazi wa kaunti mbili, Buyaga na Bugangaizi, wapige kura waamue watakuwa upande gani. Tarehe 4 Novemba 1964 walipiga kura, na wengi walichagua kurudi Bunyoro. Mutesa, kama Rais, alitakiwa atie saini sheria za kuzihamisha kaunti hizo. Hakukubali, kwa kuwa kama Kabaka angekuwa ameigawa nchi ya baba zake. Waziri Mkuu akatia saini badala yake.

Tumeazimia kutomfanya mtu huyu malaika, kwa hiyo tunasema wazi: hapo Mutesa alikosea. Mwaka 1954 alikuwa amenufaika na kifungu cha mkataba kilichosomwa kwa uaminifu. Miaka kumi baadaye, kifungu cha katiba kilipomuuma yeye, hakutaka kukitekeleza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sheria tunaipenda inapotulinda. Tunapimwa siku inapotuumiza.

Mengo, Mei 1966

Februari 1966 Obote alikuwa anabanwa bungeni kwa tuhuma za dhahabu kutoka Congo. Tarehe 22 aliwakamata mawaziri watano wake mwenyewe katika kikao cha baraza lao. Siku mbili baadaye alisimamisha katiba, kisha akachukua madaraka ya Rais. Mutesa naye alikuwa amekwisha kuuliza kwa balozi wa nje kuhusu msaada wa kijeshi, jambo ambalo Obote alilitumia kumshtaki mbele ya wananchi. Tarehe 15 Aprili wabunge walipitisha katiba mpya ambayo hawakupewa nafasi ya kuisoma. Waliambiwa wataikuta katika visanduku vyao vya barua.

Tarehe 20 Mei Lukiiko likajibu. Safari hii silaha yake haikuwa kesi, ilikuwa azimio: serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya mwisho wa mwezi. Kampala yenyewe iko Buganda, kwa hiyo ilikuwa sawa na kuiambia serikali itoke nyumbani kwake. Katiba ilikuwa imekanyagwa upande mmoja, na upande wa pili ukajibu kwa amri ambayo hakuna sheria iliyoiruhusu. Hapakuwa tena na mtu wa kusubiri jaji.

Alfajiri ya tarehe 24 Mei 1966 jeshi lililishambulia kasri la Mengo. Aliyeongoza ni Kanali Idi Amin. Walinzi wa Kabaka walipigana kwa bunduki chache kwa saa nyingi, na watu wengi waliuawa. Mvua kubwa ilinyesha, na katika mvua hiyo Mutesa alipanda ukuta, akaruka upande wa pili, akaumia mgongo, akapata teksi. Alitembea na kujificha mpaka akavuka kuingia Congo, akafika Burundi, na kutoka huko akaja London. Kasri lake likageuzwa kambi ya askari, na jengo la Lukiiko likawa makao ya jeshi.

Mahakama ilikuwa bado iko pale, milango wazi. Chifu mmoja wa kaunti ya Buganda, Michael Matovu, aliyekamatwa mwezi huo wa Mei, aliachiliwa kisha akakamatwa tena papo hapo chini ya kanuni za hali ya hatari. Mawakili wake walikwenda Mahakama Kuu kuomba aletwe mbele ya majaji. Februari 1967, mahakama chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma, Mnigeria, iliamua kwamba katiba ya Aprili 1966 ilikuwa sheria halali ya nchi, kwa sababu mapinduzi yaliyofaulu huzaa sheria yake. Majaji wa 1954 na wa 1967 walikuwa na kalamu ileile. Kilichobadilika ni nchi iliyokuwa inawazunguka. Septemba 1967 katiba nyingine ilifuta falme zote za Uganda, Buganda, Bunyoro, Toro na Ankole.

Rotherhithe

Huku London Mutesa hakuwa tena mgeni wa serikali anayelipiwa kama mwaka 1953. Aliishi kwa shida katika nyumba ndogo, akisaidiwa na marafiki. Mwaka 1967 alitoa kitabu cha maisha yake. Sisi tuliohamia huku tunaijua sehemu fulani ya maisha hayo bila kuhadithiwa: baridi ya jioni ya Novemba, habari za nyumbani zinazofika vipande vipande, na watu wa mtaani wasiojua ulikuwa nani ulikotoka.

Alifariki tarehe 21 Novemba 1969, siku mbili baada ya kutimiza miaka 45. Uchunguzi wa Uingereza ulitaja ulevi kuwa sababu. Wafuasi wake wengi hawakukubali, wakaamini alitiliwa sumu.

Januari 1971 Idi Amin, aliyeongoza bunduki za Mengo, alimpindua Obote, aliyezituma. Mwaka huohuo Amin aliurudisha mwili wa Mutesa, ukazikwa kwa heshima zote katika makaburi ya wafalme Kasubi. Waganda wengi walimshangilia Amin siku ile. Lakini tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin waliingia Mahakama Kuu ya Kampala mchana kweupe, wakamtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka na kumpeleka kuuawa. Kiwanuka aliwahi kuwa Waziri Mkuu kabla ya uhuru, na wafuasi wa Kabaka walikuwa wapinzani wake wakubwa. Alikuwa ndiyo kwanza ameamuru mfungwa mmoja aachiliwe. Hakuna kudharau mahakama kunakozidi huko, na mlango uliopitiwa na askari wale ulikuwa umefunguliwa mwaka 1966, walioufungua wakiwa na yakini kwamba watapita wao tu.

Falme zilirudishwa mwaka 1993, na tarehe 31 Julai mwaka huo mwana wa Mutesa, Ronald Muwenda Mutebi wa Pili, alitawazwa kuwa Kabaka.

Wazazi, mkipita Rotherhithe na watoto wenu, waonyesheni mtaa huo. Waambieni kwamba hapo aliishi mtu aliyewahi kurudishwa nyumbani na karatasi ya jaji, kisha akafukuzwa tena siku ambayo karatasi haikusomwa na yeyote. Wengi wao watakuwa wanasheria, askari, wabunge, huku au kule nyumbani. Siku moja watakuwa na nguvu ya kukataa amri ya mahakama bila mtu wa kuwauliza. Tunaomba siku hiyo wamkumbuke Mutesa.

Mungu amrehemu. Tunawatakia nyote Sikukuu njema ya Uhuru.